Pete za vitunguu zilizolowa kabla ya adhana: uchambuzi wa kisa kimoja cha Jang'ombe

Malalamiko yenyewe yalikuwa haya: pete za vitunguu zikitoka karaini ni kavu, zinalia kwenye meno, rangi safi kabisa, lakini ikifika Magharibi mtu akiishika moja gamba linabaki kwenye vidole na kitunguu kinaponyoka kinaanguka kwenye sahani, kimelowa. Na aliyelalamika si mtu wa nyumbani, ni mteja. Mteja wa futari akilalamika leo, kesho oda anapeleka kwengine, na Ramadhani yenyewe siku 29 au 30 tu, hakuna muda wa kungoja watu wasahau.

Mwenye kisa ni shoga yangu, anakaa Jang'ombe hapa Unguja, anapika futari za oda nyumbani kwake: sambusa, katlesi, kababu, bajia za dengu. Ramadhani ya Machi 2025 akaongeza pete za vitunguu kwa sababu vijana wanazitaka, wameziona kwenye simu na kwenye mikahawa ya Mji Mkongwe wanakokula watalii, na yeye akaona vitunguu si ghali, unga upo, mafuta yapo, kwanini asijaribu. Anapika pamoja na mama mkwe wake, na huyu mama nataka nimueleze vizuri maana kisa chote kinapita mikononi mwake. Ni fundi wa vitunguu vya biriani. Mtaani kukiwa na harusi yeye ndo anaitwa, anakabidhiwa vitunguu kwa gunia, na vyake vinatoka rangi moja vyote, vikavu, ukikifinya kimoja kinakuwa ungaunga. Nalisema mapema ili mtu asidhani hiki ni kisa cha watu wasiojua kupika. Wanajua sana, na ndo mana ilikuwa kazi kuligundua tatizo, kwa sababu kila walichokifanya kilikuwa sahihi, ila kwa chakula kingine.

Kabla sijaitwa, ushauri ulishamiminika. Jirani mmoja kasema unga ndo mbaya, badilisha. Wifi yake kasema tia yai. Mwengine kasema zidisha beking pauda, mwengine kasema mafuta ya zamani hayo, na kuna aliyesema kaanga mara mbili kama wanavyofanya kwenye chipsi. Shoga yangu akayajaribu yote, tena mengine kwa pamoja, kwa hiyo hata akipata nafuu hajui imetoka wapi. Hili nalisema kwa uchungu kidogo maana naliona kila siku: mtu ana tatizo moja, anabadilisha vitu vinne kwa mpigo, kesho yake ana matatizo mawili. Beking pauda iliyozidi, kwa mfano, ilimletea gamba lenye matundu matundu linalonyonya mafuta, na ladha ya uchungu mwishoni mwa ulimi, wakati kulowa kuko pale pale.

Nikaenda mchana, nikamkuta mama uani na kibao na kisu. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, karibu, umekuja kutuangalia tunavyokosea? Nikamwambia hapana mama, nimekuja kujifunza kwanza, endelea kama unavyofanya siku zote, mie naangalia tu. Na kweli nikakaa kwenye kibago nikaangalia mwanzo mpaka mwisho bila ya kutia neno, maana ukianza kumsahihisha mtu hatua ya kwanza, kosa lililopo hatua ya tano hulioni tena.

Vitunguu vilikuwa vile vyekundu vya bara vinavyovuka kuja kwetu, vya Mang'ola, Singida, Ruaha Mbuyuni, muuzaji wa Darajani atakutajia kila siku jina jengine. Vizuri, vikubwa, vigumu, shingo imekauka. Akavikata duara, unene kama nusu inchi, akazitenganisha pete kwa vidole, akazitia kwenye bakuli kubwa, halafu akachota chumvi akazinyunyizia, akazigeuza geuza, akafunika. Akaenda kukoroga rojo. Unga wa ngano, chumvi, pilipili manga, beking pauda, maji ya bomba, akalikoroga kwa nguvu mpaka likawa laini halina hata donge moja, akaliacha nalo lipumzike. Alipokuja kulifunua bakuli la vitunguu, chini kulikuwa na maji ya zambarau, mengi, ukiinamisha bakuli yanakimbia upande mmoja, na kila pete ilikuwa inang'aa kwa unyevu. Akayamwaga yale maji, akazikung'uta kidogo, akazitumbukiza kwenye rojo, na kutoka hapo karaini. Karai liko kwenye seredani ya makaa uani ili kuokoa gesi. Alitia konzi nzima kwa mara moja. Mafuta yakatoa povu, yakapanda, yakatulia, zikaiva kwa muda mrefu kidogo, zikatoka na rangi nzuri, akazipanga kwenye sahani yenye tishu safu juu ya safu, zilipojaa zikaingia kwenye hotpoti na mfuniko ukafungwa. Saa ilikuwa kumi na kitu, baada ya Alasiri. Mwezi ule Magharibi inaingia kama saa 12 na nusu na dakika chache. Yaani zile pete zilikaa kwenye hotpoti zaidi ya saa mbili kabla mtu hajazila.

Nikachukua moja kabla mfuniko haujafungwa, nikaichana kwa uma. Gamba lilifunguka likatoka zima, limeacha nafasi baina yake na kitunguu, na ndani ya ile nafasi kuna maji. Na kwenye mgongo wa ndani wa kitunguu kulikuwa na ule utando mwembamba mwembamba, unaokaa baina ya tabaka na tabaka, umekunjamana, umenata kwenye gamba sehemu mbili tatu na sehemu nyengine umeachia. Hapo nikawa nimeshaelewa nusu ya kisa. Nusu ya pili niliipata nilipomuuliza mama swali moja: vitunguu vya biriani unavitengeneza vipi?

Akanieleza kwa raha zake. Unakata vyembamba sana, unatia chumvi vitoe maji, unakamua, ukipata jua unavianika kidogo, halafu unavitia vingi kwenye mafuta, huna haja ya kuogopa, vitachemka na kuchemka, povu litakuwa kubwa, baadae litapungua, hapo ndo ukae macho maana rangi inabadilika upesi, unavitoa kabla havijafika rangi unayoitaka kwa sababu vinaendelea kuiva nje, unavitandaza, mwanzo ni laini, vikipoa vinakuwa vikavu. Vikishapoa kabisa unatia kwenye chombo unafunga, vinakaa siku nyingi tu.

Kila neno alilolisema ni kweli. Na kila hatua, ukiileta kwenye pete, inakuharibia.

Hebu tuliangalie jambo lenyewe, maana bila kulielewa hili mtu atabaki kukariri mapishi tu. Kitunguu maji karibu 89 kwa mia ni maji. Maji yanachemka kwenye joto la digrii 100, na mafuta ya kukaangia tunayapeleka mpaka 175 au 185, kwa hiyo chochote chenye maji kikiingia mle, yale maji yanageuka mvuke na kutoka nje, hayo mapovu unayoyaona ndo mvuke unaokimbia. Kwenye vitunguu vya biriani kazi yako ni moja, kuyatoa maji yote, umalize, kibaki kitunguu chenyewe na sukari yake. Ndo mana unakata kwembamba, ndo mana chumvi inasaidia, ndo mana hata ukijaza karai si neno, mafuta yatapoa na kitunguu kitachemka polepole mpaka maji yaishe, halafu joto linapanda tena na rangi inakuja. Kikishatoka hakina maji ya kukilowesha, kinapopoa sukari inakaza, kinakauka. Muda uko upande wako.

Pete ni kinyume chake. Ndani kitunguu unakitaka laini, kitamu, na bado kina maji mengi, na kilicho kavu ni gamba peke yake, la milimita moja mbili. Kikavu kimemkumbatia majimaji. Kuanzia sekunde unayoitoa karaini, maji ya ndani yanaanza safari ya kuja kwenye gamba, kwa hiyo pete haiwi nzuri zaidi kwa kukaa, inaharibika kwa kukaa, na kazi ya mpishi ni kuichelewesha hiyo safari na kuupa mvuke njia ya kutokea. Muda hauko upande wako hata kidogo. Mama alikuwa anazikaanga mapema na kuziweka kwa amani kabisa, kama mtu anayeweka vitunguu vya biriani, na hotpoti ikawa inamalizia kazi.

Sasa hatua moja moja.

Chumvi. Chumvi ikikaa juu ya kitunguu inavuta maji kutoka ndani kuja nje, hilo ndo lile dimbwi la zambarau. Kwa biriani unayakamua unayatupa. Kwa pete huwezi kukamua, utazivunja, kwa hiyo unabaki na kitunguu kilicholowa usoni, na rojo halishiki pahala palipolowa, linakaa juu ya maji, na likiingia kwenye mafuta yale maji yanakuwa mvuke chini ya rojo, yanalisukuma, ndo ule uwazi niliouona baina ya gamba na kitunguu. Chumvi iende kwenye rojo, na nyengine kidogo juu mara tu pete zinapotoka karaini.

Utando. Hili watu wengi hawalijui kabisa na ndo lililonifurahisha kulionyesha. Kila pete ina utando upande wake wa ndani, mwembamba, unateleza. Ukikwaruza kwa kucha kwenye ukingo wa pete unajiinua, unauvuta taratibu unatoka mzima kama ukili uliolowekwa. Ukiuacha, ukiiva unajikunja, na rojo lililoshikana nao linaondoka nao. Si lazima kwa pete nyembamba, lakini kwa pete ya nusu inchi unaona tofauti. Ni kazi, sikatai, vitunguu viwili ni kukaa chini na subira. Kuziloweka kwenye maji baridi kwanza kunaulegeza na kunapunguza ukali wa kitunguu pia, vyetu vyekundu ni vikali, lakini baada ya hapo lazima uzifute kwa kitambaa kikavu moja moja, la sivyo umerudi pale pale kwenye maji.

Unga mkavu. Baina ya kitunguu na rojo kulikuwa hakuna kitu. Inatakiwa pete iliyofutwa igaragazwe kwanza kwenye unga mkavu, ikung'utwe, ndo iingie kwenye rojo. Ule unga unanyonya unyevu uliobaki na kumpa rojo pahala pa kushika. Nilipomwambia mama hili akasema kumbe kama samaki, nikamwambia ndio mama, kama samaki, na hapo nikajua tumeelewana.

Rojo. Hapa mama alikuwa analikoroga kwa bidii na kulipumzisha, kama la mkate wa maji, na kwa mkate wa maji hiyo ni sahihi. Unga wa ngano ukiupata maji na ukaukoroga sana unajenga gluteni, ule mvutano unaoupenda kwenye chapati, na mvutano huo kwenye gamba jembamba unaleta ugumu wa kutafuna, si ukavu wa kuvunjika. Kwa hiyo: punguza ngano, weka kitu kisichokuwa na gluteni. Kwetu hicho kitu kipo kila nyumba, unga wa mchele. Kornflawa nayo inafaa. Sie tuliishia kwenye robo tatu ya kikombe unga wa ngano, robo kikombe unga wa mchele, kijiko kimoja cha chai cha beking pauda cha kusawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na maji ya soda yasiyo na sukari yaliyotoka kwenye friji, unatia kidogo kidogo, kama robo tatu ya kikombe mpaka moja, unakoroga mara chache na kuacha, vidonge vidogo vikibaki viache vilivyo. Baridi inachelewesha gluteni, na gesi ya soda inaliacha gamba jepesi. Soda tamu usitie, sukari yake inapaka rangi kabla gamba halijakauka, utazitoa mapema kwa kudhani zimeiva. Rojo liwe zito kiasi cha kukaa kwenye kidole na kudondoka polepole. Na likorogwe dakika ya mwisho, mafuta yakiwa tayari ya moto.

Vipimo nimevisisitiza kwa sababu ya Ramadhani yenyewe. Mtu kafunga, haonji, au hata yule anayegusa kwenye ncha ya ulimi na kutema anafanya kwa wasiwasi, kwa hiyo chumvi ya kukadiria kwa mkono mwezi huu inawatoa wengi kwenye njia. Kijiko hakifungi.

Yai je? Yai linasaidia gamba kushika, si uongo, lakini linalipa ulaini, na tatizo letu lilikuwa kulowa. Nikasema tuliache. Chenga za mkate ni habari nyengine, ukitoka kwenye rojo ukaigaragaza pete kwenye chenga za boflo lililokauka unapata gamba nene linalostahamili muda zaidi, kwa oda inayosafiri mpaka Fuoni au Mwanakwerekwe mie nazipendekeza hasa, lakini uliweke rojo zito zaidi.

Mafuta. Nina kipimajoto changu cha mafuta, natembea nacho, nikakitia kwenye lile karai. Kabla ya konzi yalikuwa karibu na 180, baada ya konzi yakashuka mpaka karibu 140 na yakachukua muda kurudi, maana seredani huwezi kuifungulia moto kama gesi, ni kupepea na kungojea makaa. Mafuta yakiwa chini hivyo mvuke unatoka kwa unyonge, gamba linachelewa kukaza, na mafuta yanaingia. Tukahamishia kwenye gesi, karai lile lile, mafuta lita moja na nusu, pete nne au tano kwa mara moja basi, dakika mbili mpaka tatu, unazigeuza mara moja, na baina ya mkupuo na mkupuo unangoja yarudi 180. Asiye na kipimajoto adondoshe tone la rojo: likizama likalala chini bado, likizama kidogo na kupanda hapo hapo huku linatoa mapovu tayari, likigeuka kahawia kabla hujasema kitu yamezidi. Na tone lile lile lirudiwe kila mkupuo, si la mwanzo tu.

Kuna mtu kauliza kwanini asitumie mafuta ya nazi, ya kienyeji, ya Pemba. Mie nayapenda kwa harufu, lakini mafuta ya nazi yasiyosafishwa yanaanza kutoa moshi kwenye joto hilo hilo la 175 tunalolihitaji, kwa hiyo utakaanga kwenye moshi. Alizeti iliyosafishwa au mafuta ya kawaida ya kula yanavuka 200 bila shida. Na jambo moja la usalama, kwa sababu niliona povu lilivyopanda: karai lisivuke nusu kwa mafuta, maana pete zenye maji zinayapandisha, na yakimwagikia kwenye makaa ni moto. Yakishika moto usimwagie maji kabisa, zima gesi, funika karai kwa mfuniko au sinia, ondoa watoto.

Sasa hotpoti. Hapa ndo tulibishana, kwa heshima lakini tulibishana, maana shoga yangu aliona hotpoti ndo inayomfanya aonekane mtu wa kazi, chakula kinafika cha moto. Nikamwambia tusibishane kwa maneno, usiku baada ya tarawehe tutakaanga tena na tutakula, mchana tumefunga hatuwezi hata kuonja. Usiku tukachukua kitunguu kimoja kikubwa tukakigawa mafungu. Fungu la kwanza likatengenezwa kwa njia ya zamani, chumvi na kila kitu. Fungu la pili halina chumvi, limefutwa, limegaragazwa kwenye unga, lakini utando umeachwa. Fungu la tatu limetolewa na utando. Yote kwenye rojo moja jipya, mafuta mamoja, muda mmoja. Kila fungu nusu ikaingia hotpoti, nusu ikatandazwa juu ya chekecho la waya lililoegemezwa kwenye sinia, upepo unapita chini. Tukapika chai, tukakaa.

Saa moja baadae tukafungua. Kwenye hotpoti, mfuniko kwa ndani ulikuwa umejaa matone, yanadondoka juu ya pete, na mafungu yote matatu yamelowa, hata lile lililotengenezwa vizuri kabisa, tofauti ni kwamba la tatu gamba lilikuwa bado limeshika kitunguu na la kwanza lilishaachana nacho zamani. Kwenye chekecho, la kwanza laini, la pili zuri kwa nje na linateleza ukiuma, la tatu zimepoa, zimepoteza ule mlio wa mwanzo, lakini ukiuma gamba linavunjika na kitunguu kinakatika pale pale bila kuchomoka chote. Mama akala moja, akala ya pili, akasema hizi zinauzika. Mwezi ule tena tuko mlangoni mwa masika, hewa ya Unguja nzito kwa unyevu, kwenye hali ya ukavu zingekaa zaidi, lakini hatuishi kwenye ukavu, tunapika kwa hewa tuliyonayo.

Kwa hiyo hukumu yangu, na naisimamia: makosa ya maandalizi ndo yaliyolitoa gamba kwenye kitunguu, na hotpoti ndo iliyolilowesha. Ni maradhi mawili yenye dalili moja, na ndo mana dawa moja moja za majirani zilikuwa hazifanyi kazi. Mtu angetengeneza maandalizi yote na kuendelea na hotpoti angesema maandalizi hayasaidii. Angeiacha hotpoti tu na kutandaza kwenye waya angesema waya hausaidii. Ilibidi yote mawili.

Utaratibu uliopangwa baada ya hapo: vitunguu vinakatwa, vinatolewa utando na kufutwa mapema, vinawekwa kwenye friji vimefunikwa kwa kitambaa kikavu. Sambusa na katlesi zinakaangwa kwanza, hizo zinastahamili. Pete zinakuwa za mwisho, zinaanza saa 11 na robo, mteja anaambiwa aje saa 12 kasorobo asije kabla. Zikitoka zinakaa kwenye waya, hazipandani, hazifunikwi mpaka ule mvuke wa mwanzo uishe, baadae kawa inawekwa kwa ajili ya nzi, imeinuliwa upande mmoja. Kawa ya ukindu inapumua kidogo, si kama mfuniko wa plastiki, lakini ukiiweka juu ya pete zinazofuka bado nayo itakusanya unyevu. Kwa mteja zinaondoka kwenye boksi la karatasi lililotobolewa matundu juu, safu moja, na sosi pembeni kwenye kikopo chake. Anayezikuta zimepoa arudishe kwenye mafuta ya moto kwa nusu dakika, au oveni ya 200 kwa dakika chache. Maikrowevu hapana, inayaamsha maji ya ndani na kuyaleta yote kwenye gamba.

Yule mteja alirudi, akachukua tena mpaka Sikukuu. Nilichokipenda zaidi lakini ni kingine. Ukikata kitunguu kwa pete, yale maduara madogo ya katikati hayafai, ni madogo sana, yanajaa rojo yanakuwa bajia, na shoga yangu alikuwa anayatupa au kuyatia kwenye mchuzi. Mama mkwe akayachukua yote. Anayakata membamba, anayatia chumvi yake, anayakamua, anayakaanga taratibu kwenye seredani kwa njia yake ya siku zote, yakishapoa kabisa yanaingia kwenye chupa na kifuniko kinafungwa, na siku mbili kabla ya Idi chupa zote zikawa zimeshauzwa kwa watu wa biriani. Mafuta yake tu ndo hataki yachanganywe na ya pete, kwa sababu ya pete yanabaki na unga chini unaoungua na kuvitia vitunguu uchungu, hata ukiyachuja kwa kitambaa anayajua kwa harufu.